Bungee Jumping of Their Own: yule mwanafunzi ni Tae-hee au si yeye, na kwa nini wanaruka bila kamba?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimeangalia Bungee Jumping of Their Own, ile filamu ya zamani ya Kikorea ya Lee Byung-hun. Mwanzo ni mapenzi ya chuo, mvua na mwamvuli, nikalia. Halafu ghafla miaka inapita, jamaa ni mwalimu mwenye mke na mtoto, anaanza kumwandama mwanafunzi wake wa kiume, na mwisho wanaruka bila kamba. Mdogo wangu anasema hiyo ni filamu ya mapenzi ya jinsia moja. Mimi nasema ni yule dada amerudi. Nani yuko sahihi? Na huyo kijana anakumbuka kweli au anamhurumia tu mwalimu wake? Nimeirudia na bado mwisho hauniingii.

JIBU: Salama, dada. Wewe umekaribia zaidi, ingawa mdogo wako naye hajakosea kabisa. Filamu yenyewe imewajibu nyote wawili kwa sentensi chache za mwishoni kabisa, na wengi huzikosa kwa sababu wakati zinasemwa macho yako kwenye mto, hayako kwenye maandishi ya chini. Nitafika huko. Asiyeiona bado aishie hapa, maana sitaficha kitu.

Tunyooshe majina kwanza, kwani mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mwanamume ni Seo In-woo, ameigizwa na Lee Byung-hun, ambaye vijana wa leo wanamjua kama Front Man wa Squid Game. Msichana ni In Tae-hee, ameigizwa na Lee Eun-ju. Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia, hivyo "In" ya Tae-hee ni ukoo, na "In" ya In-woo ni kipande cha jina lake mwenyewe. Hawana undugu wowote. Mwanafunzi ni Im Hyun-bin, na aliyemwigiza ni Yeo Hyun-soo. Ukimtafuta mtandaoni kwa jina la "Hyun Bin" utaletewa nyota wa Crash Landing on You, ambaye hahusiki hapa hata kidogo. Mwongozaji ni Kim Dae-seung, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza baada ya kufanya kazi kama msaidizi wa mkongwe Im Kwon-taek. Hadithi imeandikwa na Go Eun-nim. Filamu ilitoka Februari 2001.

Ina dakika kama 100 na imekatwa vipande viwili, 1983 na 2000. Watu hudhani kipande cha kwanza kipo ili ulie tu na cha pili ndicho chenye hadithi. Sivyo. Cha kwanza kinapanda, cha pili kinavuna, na kila kinachovunwa kilipandwa mbele ya macho yako. Ukiwa ulikwenda kuchukua chai wakati wa mvua na mwamvuli, kipande cha pili kitakuonyesha mwanamume aliyerukwa na akili. Ukiwa ulikaa na kutazama, utaona mtu anayekusanya ushahidi na kuogopa unakomfikisha.

Ushahidi wenyewe, kwamba Tae-hee aliyekufa amezaliwa tena akiwa Hyun-bin, ni wa aina tatu, na hazina uzito sawa.

Aina ya kwanza ni kitu cha kushikika: kiberiti cha gesi chenye sura ya Tae-hee, ambacho miaka 17 baadaye kimo mikononi mwa Hyun-bin. Huu ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, japo watazamaji wengi ndio huukumbuka. Kiberiti kinapotea, kinauzwa, kinaokotwa. Kingekuwa peke yake kisingethibitisha chochote.

Aina ya pili ni maneno. Tae-hee anamuuliza In-woo, ambaye anasoma fasihi ya Kikorea chuoni na aliingia mwaka 1982, swali la kitoto: kwa nini neno la kijiko linaandikwa kwa herufi moja katikati na neno la vijiti vya kulia kwa herufi nyingine, wakati zinatamkwa karibu sawa? In-woo hana jibu la kisomi. Anamjibu kwa mzaha wa maumbo: herufi ya kijiko, ㄷ, imekaa kama kitu cha kuchotea, na ya vijiti, ㅅ, imekaa kama vijiti viwili vinavyokutana kubana chakula. Jibu la sarufi lipo (la kijiko limetokana na neno lililokuwa likiishia na sauti ya L, la vijiti limeungwa kwa S ya kuunganishia), lakini mzaha ndio unaobaki. Baadaye, In-woo akiwa mwalimu wa Kikorea, swali lilelile linatoka kwa Hyun-bin. Kwenye tafsiri nyingi za maandishi tukio hili linapita kama porojo za darasani, kwa sababu mtazamaji haoni herufi zinazozungumzwa. Ukilikosa hili, umekosa hatua ambayo In-woo anaanza kutikisika. Hata hivyo nalo peke yake halitoshi, maana mwanafunzi yeyote mdadisi wa Kikorea angeweza kuuliza.

Aina ya tatu ni mwili. Tae-hee akishika kitu, kidole chake cha mwisho hunyooka kando, mbali na vingine. Hajitambui anapofanya hivyo. Kidole cha Hyun-bin kinafanya vilevile. Huu ndio ushahidi mzito, kwa sababu tabia ya mwili hainunuliwi dukani wala haikaririwi kutoka kitabuni, na kijana huyo hakuwahi kumwona Tae-hee akiwa hai. Angalia jinsi kamera inavyokionyesha kidole: haikisogelei kwa muda mrefu, hakuna ngoma inayopigwa ili ushtuke. Mwongozaji asiye na imani na watazamaji wake angekikuza kijaze skrini nzima. Kim Dae-seung anakuachia, na ndiyo maana watu wawili wakikaa sofa moja mmoja anaona na mwingine haoni, kama ilivyowatokea wewe na mdogo wako.

Kuna kitu cha nne kilichopandwa ambacho si ushahidi bali ni ufunguo. In-woo akiwa mwalimu wa darasa anawaambia wanafunzi wake hivi: chukua sindano, isimamishe mahali popote juu ya dunia hii, halafu kutoka juu kabisa angani udondoshe punje moja ya ngano. Uwezekano wa punje hiyo kuja kutua kwenye ncha ya sindano ndio uwezekano wa ninyi mliomo humu kukutana. Wakorea huuita uhusiano wa namna hiyo inyeon, yaani kukutana kunakotokana na yaliyofungamana kabla, pengine katika maisha mengine. Wana na methali kwamba hata nguo za watu wawili kugusana njiani ni inyeon. Mfano wa sindano una ndugu yake wa zamani katika mafundisho ya Kibudha: kasa kipofu anayeibuka baharini mara moja kila miaka 100, na uwezekano wa kichwa chake kupenya kwenye tundu la kipande cha mti kinachoelea. Ila kule kasa anafundisha jinsi ilivyo nadra kuzaliwa binadamu, kwa hiyo usipoteze maisha yako. Filamu imeuchukua mfano wa jamii hiyo na kuuelekeza kwenye mapenzi.

Hapo ndipo penye ujanja wa melodrama zote za aina hii, yaani filamu za mapenzi na machozi, na ukiupata huu hutasumbuka tena na nyingine. Katika Ubudha, kuzaliwa tena si zawadi. Ni mzunguko wenye kuchosha, unaosukumwa na matendo na hasa na kung'ang'ania, na lengo ni kutoka humo. Kumpenda mtu hadi ukashindwa kumwachia hata baada ya kifo ni ugonjwa ambao mafundisho yanataka kuuponya. Melodrama inaupindua: kung'ang'ania kulekule ndiko kunakuwa ushujaa, na mzunguko unakuwa nafasi ya pili. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema filamu hii "inafundisha Ubudha", mwambie imeazima nyumba ya Kibudha na kupanga fanicha yake yenyewe. Mkorea wa kawaida naye hahitaji kuwa Mbudha ili aelewe. Wengi wao leo hawana dini na wengine wengi ni Wakristo, lakini lugha ya maisha yaliyopita wanaitumia kila siku. Mtu akipata mume mwema ataulizwa kwa utani kama aliokoa nchi katika maisha yake yaliyopita. Akipata balaa atauliza alitenda dhambi gani huko.

Sasa swali lako la pili: Hyun-bin anakumbuka au anaigiza? Kwa sehemu kubwa ya kipande cha pili hakumbuki kitu, na hilo ndilo jeraha la filamu. Kumbukumbu haikugawanywa sawa. Aliyebaki hai anakumbuka kila kitu na hakubadilika isipokuwa umri. Aliyekufa amerudi akiwa mzima, ana maisha yake, ana rafiki wa kike anayeitwa Hye-joo, na hana habari. In-woo analia na kulalamika kwamba yeye anamhisi hivi, imekuwaje mwenzake asimjue. Tazama uso wa kijana hapo: ni uso wa mtu anayedaiwa deni alilokopa mwingine. Haigizi huruma, anaogopa, na baadaye anakasirika.

Kumbukumbu inamrudia taratibu na kwa kuchelewa, na inakamilika kwenye stesheni ya treni ya Yongsan, Seoul. Hapo lazima ukumbuke 1983. In-woo alikuwa anaondoka kwenda jeshi la lazima, na wakaahidiana kukutana stesheni. Alisubiri, Tae-hee hakufika. Hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi. Mtu asipotokea, treni inaondoka nawe unaondoka na swali. Filamu inakunyima jibu hadi karibu na mwisho, ndipo inakuonyesha kwamba Tae-hee alikuwa anakuja mbio na akagongwa na gari. Kwa hiyo Hyun-bin anapotokea stesheni na kuomba radhi kwa kuchelewa, hamwombi radhi mwalimu wake. Anatimiza ile miadi. Kijana aliyekuwa anahurumia tu asingejua ni nini kilichelewa. Jibu langu basi ni hili: mwishoni anakumbuka, na filamu haiachi utata hapo hata kidogo.

Kuna wanaobishia umri. Wanasema msichana afe 1983, mvulana awe sekondari ya juu mwaka 2000, haiwezekani. Inawezekana, ila ufanye hesabu ya Kikorea. Katika desturi za Kibudha za huko marehemu hufanyiwa ibada kila siku ya saba, mara saba, hadi siku ya 49, ambapo inaaminika njia yake ya maisha mengine imeshaamuliwa. Weka kifo mwishoni mwa 1983, ongeza siku 49, ongeza miezi tisa ya mimba: mtoto anazaliwa mwishoni mwa 1984. Kwa namna Wakorea walivyokuwa wakihesabu umri, mtoto huzaliwa akiwa na mwaka 1 na huongeza mwingine kila Mwaka Mpya, si siku yake ya kuzaliwa. Mwaka 2000 aliyezaliwa 1984 anahesabiwa kuwa na miaka 17, umri wa kuanza sekondari ya juu, ingawa kwa hesabu yetu ana 15 au 16. Hesabu hiyo ya zamani iliondolewa kwenye shughuli za kisheria Juni 2023, kwa hiyo mtazamaji kijana wa Seoul leo naye anaweza kukwama palepale ulipokwama wewe. Filamu yenyewe haifanyi hesabu hii mbele yako. Inasema miaka 17 imepita na kuendelea na safari.

Tuje kwenye ubishi wenu wa nyumbani. Mdogo wako ameona mwanamume anampenda mvulana, na hajaota. Filamu imeliweka jambo hilo makusudi. Kim Dae-seung na Go Eun-nim wangeweza kumrudisha Tae-hee kama msichana mwingine, na filamu ingekuwa nyepesi, ya kupendeza, na isingekumbukwa. Wamemrudisha mvulana ili kupima sentensi ambayo kila mpenzi huitamka bila kufikiri, kwamba nitakupenda kwa sura yoyote utakayokuja nayo. Basi amekuja na sura hii, bado unampenda? Shule inamjibu In-woo kwa kejeli na kutengwa, ndoa inavunjika, kazi inakwenda. Na usidhani mwandishi alitia chumvi. Septemba 2000, miezi michache kabla filamu haijatoka, mwigizaji Hong Seok-cheon alitangaza hadharani kwamba ni shoga, akapoteza kazi zake za televisheni, kikiwemo kipindi cha watoto. Watazamaji wa Februari 2001 waliingia sinema na habari hiyo ingali mbichi.

Lakini In-woo mwenyewe hajielezi kama mtu aliyevutwa na wanaume. Anayemtafuta ni mmoja tu. Ndiyo maana wapo waliolalamika kutoka upande wa pili, kwamba filamu imetumia mapenzi ya wanaume wawili kisha ikajikinga nyuma ya pazia la "ni mwanamke aliyerudi". Lalamiko hilo lina uzito, na kuna mahali filamu inaonekana kweli inajikinga. Kinachoiokoa ni zile sentensi za mwisho nilizokuahidi. Wawili hao wakiwa New Zealand wanazungumzia maisha yajayo. Mmoja anasema safari hii itabidi azaliwe mwanamke. Kisha linakuja swali: je, na mwenzake naye akizaliwa mwanamke? Jibu ni jepesi kama mtu anayepanga chakula cha jioni: basi watapendana tena tu. Hapo pazia limefunguliwa. Filamu haikusema mvulana ni kosa litakalorekebishwa maisha yajayo. Imesema jinsia si sharti. Kwa hiyo wewe uko sahihi kuhusu ni nani, na mdogo wako yuko sahihi kuhusu kinachoonekana. Aliyekosea ni yule anayesema lazima uchague kimoja.

Kuhusu kuruka. Katika vibanda umiza tumezoeshwa kwamba steringi hafi, na labda ndiyo maana mwisho hauingii. Hapa wote wawili wanaruka bila kamba, na hakuna anayewadaka. New Zealand haikuchaguliwa ovyo: ndiko kuruka kwa kamba ya mpira kulikogeuzwa biashara ya kudumu, kwenye daraja la Kawarau karibu na Queenstown, mita 43 juu ya mto, kuanzia 1988. Mchezo wenyewe unahusu kuanguka na kurudishwa juu. Filamu imeondoa kamba kwa sababu, kwa mantiki yake, kinachowarudisha ni kile kilichomrudisha Tae-hee. Sauti ya In-woo inakumbusha maneno ya Tae-hee, kwamba hata ukiruka kutoka kwenye jabali la maisha, chini yake si mwisho. Kisha kamera inaruka juu ya mto, inaendelea tu mbele kufuata maji, haianguki. Picha inakuambia wao wanaonaje, haikuambii yaliyowapata miili yao. Ukiisoma kama habari ya gazeti, ni vifo viwili. Ukiisoma kwa kanuni ya hadithi, ni safari.

Mimi siukubali mwisho huo, na nitakupa sababu. Kwanza, hata ndani ya Ubudha ulioazimwa, amri ya kutoua inakuhusu na wewe mwenyewe. Huwezi kujiua ukategemea mzunguko ukupangie vizuri. Pili, na hili ni zito zaidi, filamu inamsahau Hyun-bin. Huyu ni kijana wa shule, ana wazazi, ana Hye-joo, ana maisha yake mbele, na mtu mzima mwenye mamlaka juu yake darasani anamwambia yeye ni mtu mwingine. Kumbukumbu ya Tae-hee inaporudi, Hyun-bin anafutika, na hakuna anayemlilia. Filamu haionyeshi tendo lolote la mwili kati yao, na hilo ni busara, lakini ingekuwa dunia halisi mwalimu huyo angepaswa kuondolewa darasani siku ya kwanza aliyomwandama mtoto wa watu. Mke na binti nao wamebebeshwa gharama na kuachwa kando kana kwamba walikuwa fanicha. Unaweza kuipenda filamu hii, na wengi tunaipenda, bila kuisamehe hayo.

Ukitaka kuiangalia tena, usianze mwanzo hadi mwisho kama mara ya kwanza. Angalia kipande cha 1983 peke yake, simamisha, pumzika hata siku moja. Andika kwenye simu vitu vinne tu: kidole, kijiko, kiberiti, miadi ya stesheni. Halafu angalia kipande cha 2000 na uweke alama kila kimoja kinapotokea. Utagundua havirudi kwa mpangilio vilivyopandwa, na In-woo anajaribu kukataa kabla hajakubali. Zingatia pia ufukweni, pale wanapocheza dansi jua likizama na miili yao imebaki vivuli. Wimbo ni waltz ya mapigo matatu ya Shostakovich, mtunzi wa Kirusi. Wengi huitafuta kwa jina la Jazz Suite namba 2, jina ambalo limebandikwa kimakosa kwenye rekodi nyingi. Mkusanyiko wenyewe ni Suite for Variety Orchestra. Ukiitafuta kwa jina lolote kati ya hayo utaipata.

Jihadhari na toleo utakalopata. Yale ya kutafsiriwa na sauti moja inayosema kwa niaba ya wote hufaa sana kwa filamu za ngumi, maana mtafsiri anajaza ukimya. Hapa ukimya ndio kazi yenyewe: kidole hakisemi kitu, na mtafsiri akiwa anapiga soga juu yake umeshapoteza. Tafuta toleo la sauti ya Kikorea lenye maandishi, hata kama ni ya Kiingereza, na hakikisha maandishi hayajatangulia wala kuchelewa kwa sekunde kadhaa, kosa la kawaida kwenye nakala za kupakua. Jaribu kwenye tukio la mvua: midomo ikifunguka kabla au baada ya maandishi, rekebisha kwenye kichezeshi chako kwa nusu sekunde nusu sekunde hadi yakae. Na usikubali nakala inayokatwa mara miili inapoanguka, kwani yale maneno ya mwisho ndiyo jibu lako.

Lee Eun-ju alifariki Februari 2005 akiwa na miaka 24. Wakorea wengi wanaorudia filamu hii hawawezi kumtenganisha na Tae-hee, na ukiwasoma wakiandika juu yake utaelewa kwa nini mazungumzo yao hubadilika ghafla kuwa ya msiba. Hadithi yenyewe imeendelea kuishi jukwaani pia: mwaka 2012 iligeuzwa mchezo wa muziki na Will Aronson na Hue Park, wawili walewale ambao mchezo wao mwingine, Maybe Happy Ending, ulishinda Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani ya Marekani, ya mchezo bora wa muziki 2025.

Ukishamaliza na hii na unataka nyingine za kuzaliwa tena, uliza swali moja kabla hujabonyeza: nani anakumbuka? The Ginkgo Bed ya Kang Je-gyu, 1996, ni mzee wa kundi hili: mwanamume wa leo hakumbuki kwamba alikuwa mwanamuziki wa ikulu, na anayekumbuka ni binti mfalme aliyefungwa ndani ya kitanda cha mti wa ginkgo, pamoja na jenerali anayewaandama. Teknolojia yake ya picha imezeeka, mapenzi hayajazeeka. Goblin, tamthilia ya sehemu 16 ya 2016 hadi 2017, imeweka sheria wazi kabisa: roho ina maisha manne, na mfu hunyweshwa chai ili asahau. Ukishajua habari ya chai, mwisho wake hautakusumbua, kwa sababu mmoja anakataa kuinywa. Na See You in My 19th Life ya 2023, sehemu 12, imeugeuza mpango wa In-woo juu chini: anayekumbuka ni aliyekufa na kuzaliwa tena, ndiye anayemtafuta aliyebaki hai. Hiyo ndiyo ningeanza nayo mkiwa wewe na mdogo wako, kwa kuwa anayerudi humo ni mtu mzima anayejiamulia mwenyewe, na hamtagombana kabla ya sehemu ya pili.